Kioo Kisichopanguswa

Shangazi yangu alishona nguo Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku niliyompelekea picha ya mama yake ndani ya laptopu nilimkuta ameketi palepale alipoketi siku zote, mlango wazi, mguu mmoja juu ya kanyagio la cherehani ingawa siku hiyo hakuwa na kazi ya mtu. Picha yenyewe ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko kiganja, kingo zake zimeliwa na mende. Niliiskani Dar es Salaam nikaisafisha madoa. Nikaiweka laptopu juu ya meza ya cherehani, nikaifungua, na bibi akajaa kioo kizima, amejitanda kanga, mtoto mdogo amesimama ubavuni mwake.

Shangazi akavaa miwani. Akatazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akanyoosha mkono, akaweka vidole viwili juu ya kanga ya mama yake, pale kwenye pindo palipoandikwa jina, akavitanua.

Kioo kikanyamaza. Akarudia, safari hii polepole, akidhani amekosea.

“Imekwama?”

“Haijakwama, Shangazi. Hii haipanguswi.”

Akaurudisha mkono. Sikupenda namna alivyourudisha. Aliuficha chini ya kanga upesi, kama mtu aliyegusa chombo cha wenyewe katika nyumba asiyoizoea. “Nisamehe mwanangu,” akasema, “sikujua.” Nikamkuzia picha mimi kwa kipanya, nikaisogeza huku na huku kila alipoagiza, na tukaendelea hivyo mpaka adhana ya alasiri. Lakini mikono yake haikutoka tena chini ya kanga. Alikaa akimtazama mama yake kupitia mikono yangu.

Ule msamaha alioniomba umenikaa moyoni kwa miaka mingi, kwa sababu hakuwa na kosa. Kidole chake kilikuwa na elimu. Alikuwa na simu aliyonunuliwa na mwanawe, na ndani ya simu ile aliwaona wajukuu wakizaliwa Muscat na Mombasa. Kila picha ilipoingia aliivuta kwa vidole viwili kutafuta macho ya mtoto yamefuata upande gani. Alijua, kwa ujuzi wa mkono, kwamba picha iliyo nyuma ya kioo hukua ukiitanua. Alijua hivyo kama alivyojua kutofautisha pamba na poliesta bila kuangalia. Sasa ikaja mashine kubwa zaidi, ya bei zaidi, iliyobebwa na kijana aliyesoma zaidi, ikamwambia kwamba anachokijua si kitu.

Kiswahili kililitambua jambo hili mapema kuliko watu wengi wa kompyuta. Simu za vioo zilipoingia, watu wa mitaani hawakuzipa jina la kampuni wala la utaalamu uliomo ndani yake. Waliziita simu za kupangusa, wakazitenga na kitochi ambacho hubonyezwa. Jina likatoka kwenye mkono. Na si kila kitendo cha mkono kingefaa: kupangusa ni kupitisha kiganja juu ya kitu bila kukikandamiza. Tunapangusa meza kabla ya kuandaa chakula, na machozi ya mtoto aliyeanguka. Wafasiri wa programu za simu wakaandika “telezesha kidole”, na hawakukosea, lakini kuteleza kuna matope na kuanguka ndani yake. Kupangusa kuna uangalifu, na mimi nasimama na neno la mtaani.

Tuna utajiri mkubwa wa vitenzi vya vidole, na kila kimoja kinabeba habari ya kitu kinachoguswa. Kubonyeza kunataka kitu kinachozama na kurudi. Kubofya, kabla halijawa neno la kompyuta, lilikuwa neno la sokoni: unalibofya embe ujue limeiva au bado, kwa hiyo ndani ya kubofya kuna swali linalongoja jibu. Kudonoa ni kwa kuku, na kwa yule anayeandika kwa kidole kimoja akitafuta herufi. Kupapasa ni kwa giza. Kufinya kuna maumivu, ndiyo maana nashukuru kwamba kwenye simu tulichagua kusema kubana, au kuvuta, au kutanua. Mtu anayesema “vuta hiyo picha tuione” ameshaamini kwamba picha ni kitu, kina mwili, kinavutika.

Na ile kompyuta ya kubebwa, vitabu vyetu vinaiita mpakato. Aliyelitunga neno hilo alikuwa na sikio zuri. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani, karibu na tumbo, ukimwinamia. Mtu hampakati mtoto aliyesimama wima mbele yake kama ukuta. Ukilisikiliza neno vizuri, linakuambia mahali kitu kinapopaswa kukaa ili mikono ikifikie, na nitalirudia hili, kwa sababu ndipo fumbo lote lilipo.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kompyuta zilizaliwa haziguswi, na kwamba kugusa kuliletwa na simu. Nilipoanza kusoma historia yake nikakuta ni kinyume. Tamaa ya kukigusa kioo ni kongwe karibu sawa na kioo chenyewe. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, Ivan Sutherland aliwasilisha programu yake aliyoiita Sketchpad, ambamo mtu alichora moja kwa moja juu ya kioo kwa kalamu ya nuru, na mstari ukamfuata. Miaka miwili baadaye, 1965, E. A. Johnson, mhandisi wa taasisi ya utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, aliandika makala fupi kuhusu kioo kinachohisi kidole. Alikuwa akiwafikiria waongoza ndege: mtu anayeangalia ndege kwenye kioo, mbona asiiguse ile anayoitaka? Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na mashine ya kufundishia iliyoitwa PLATO IV, ambayo kioo chake kiligawanywa kwa miali isiyoonekana katika viraba 16 kwa 16. Mwanafunzi aliulizwa swali, akajibu kwa kuweka kidole juu ya jibu. Kufika 1983, kampuni ya Hewlett-Packard ikauza kompyuta ya mezani, HP-150, iliyozungushiwa miali ya namna hiyo kwenye fremu ya kioo. Kidole kikikata miali miwili, mashine ikajua kiko wapi. Vitundu vilivyotoa miali vilijaa vumbi, ikabidi visafishwe mara kwa mara, na mashine haikuenea.

Kwa hiyo aliyeingia katikati ya mkono na picha ni kipanya. Na hata kipanya kilipimwa kwa haki kabla ya kukubaliwa. Douglas Engelbart na wenzake huko California, akiwamo Bill English aliyekiunda cha kwanza kwa kipande cha mbao na magurudumu mawili, walivishindanisha vifaa kadhaa: kipanya, kalamu ya nuru, fimbo ya kuongozea, hata kifaa kilichosukumwa kwa goti chini ya meza. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 1967 nimeyasoma mara nyingi. Kwa wazoefu, kipanya kilikuwa bora. Kwa wageni, waliokaa mbele ya mashine kwa mara ya kwanza, kalamu ya nuru na goti vilikipita kipanya.

Nikifikiri juu ya hilo namwona Shangazi. Mgeni anataka kuonyesha kitu chenyewe: hiki hapa. Kipanya kinamtaka afanye jambo gumu ambalo sisi tuliozoea tumesahau ugumu wake: ausogeze mkono mahali pamoja, juu ya meza, huku akitazama mahali pengine, juu ya kioo, na aamini kwamba ule mshale mdogo ni yeye. Nimewafundisha watu wazima kutumia kipanya. Nimewaona wakikinyanyua hewani, wakikielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni, wakifika ukingo wa meza na kusimama wasijue kwamba unaweza kukiinua na kukirudisha katikati. Hawakuwa wazito wa kuelewa. Miili yao ilikuwa inakataa kutenganisha jicho na mkono, na fundi yeyote wa kazi za mikono atakuambia mwili una sababu.

Basi mbona kipanya kilishinda? Kwa sababu ya bega.

Nyosha mkono wako mbele, usawa wa uso, kana kwamba unagusa kioo kilichosimama. Ukae hivyo. Dakika ya kwanza si kitu. Ya pili bega linaanza kupata moto, na ya tatu kidole kinatetemeka hata kama hutaki. Wapaka rangi wa dari wanalijua jambo hili, na mafundi wa plasta pia, ndiyo maana hupumzika kila baada ya muda na kuning'iniza mikono. Wahandisi waliotengeneza vioo vya kwanza vya kugusa walikutana na maumivu hayo wakayapachika jina la mkono wa sokwe, kwa kuwa mtumiaji aliishia kuhisi mkono wake ni mzito na umevimba kama wa mnyama yule. Oktoba 2010 Steve Jobs alisimama mbele ya watu akaeleza kwamba Apple walikuwa wamelijaribu sana jambo hili, na kwamba kioo cha kugusa hakifai kusimama wima: baada ya muda mfupi unaanza kuchoka, na baada ya muda mrefu mkono unataka kukatika.

Alisema kweli, nami nakubali kwa mwili wangu. Lakini ukweli wake ni wa mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku. Shangazi alihitaji sekunde mbili tu. Hakutaka kuandika ripoti kwa kidole hewani; alitaka kuvuta kanga ya mama yake. Kumnyima mkono sekunde mbili kwa sababu saa nane zitauumiza ni kama kuufunga mlango wa mbele kwa kuwa mizigo hupitia uani.

Ukiangalia kazi ambazo mikono ya kwetu imezifanya kwa vizazi, karibu zote zinalala. Anayepeta mchele kwenye ungo anautazama kutoka juu. Anayesuka ukili anainama, nao unarefuka kwenye magoti yake. Wachezaji wa bao wameuweka ubao katikati yao chini, na mkono unakusanya kete na kuzigawa bila bega kufanya kazi yoyote ya maana. Mtoto wa chuo cha Kurani aliandika alifu kwenye ubao uliolala mapajani. Meza ya cherehani ni tambarare, na kitambaa hupita chini ya macho na chini ya mikono kwa wakati mmoja. Kompyuta ndiyo iliyosimamisha kazi wima kama kioo cha kujitazamia, na kwa kufanya hivyo ikautenga mkono: jicho likabaki juu, mkono ukashushwa chini gizani kwenda kupapasa vitufe. Hata vile vinundu viwili vidogo kwenye herufi F na J za kibodi vipo kwa ajili hiyo, ili vidole vijue viko wapi bila msaada wa jicho.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa naandika na kuhariri kwa kutwa nzima, na kifundo cha mkono wangu wa kulia kikaanza kuuma, kwanza jioni tu, halafu hata asubuhi ninapofungua kopo la chumvi. Nilikifunga bendeji, nikahamishia kipanya kushoto, na kushoto nako kukaanza. Ndiyo maana habari ya Wayne Westerman ilinigusa nilipoisoma. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na mikono yake ilikuwa inamuuma kwa kuandika na kubofya kiasi kwamba kazi yenyewe ilikuwa mashakani. Akishirikiana na mwalimu wake, John Elias, akatengeneza kipande bapa kilicholala mezani ambacho kilihisi vidole vyote kwa pamoja, bila kuhitaji kubonyezwa. Mwaka 1998 wakaanzisha kampuni, FingerWorks, wakauza kibodi na padi zilizoelewa ishara: vidole viwili vikipita pamoja vina maana yake, vitatu vina yao, kutanua kuna yake. Apple wakainunua kampuni hiyo mwaka 2005. Miaka miwili baadaye simu ya kwanza ya iPhone ikatoka.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile tunachokiita ujuzi wa simu ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya kompyuta, na ilitengenezwa na mtu aliyeumwa mikono. Kila ninapopitisha vidole viwili kwenye tachipadi ukurasa ukapanda, nakumbuka kwamba wepesi huu ulitafutwa na mtu aliyekuwa na maumivu. Kifundo changu kimepona kwa kiasi kikubwa. Sijui kama ni tachipadi au ni bendeji, lakini nimeacha kipanya.

Tachipadi ndiyo suluhu ambayo dunia ya kompyuta iliipata kwa lile tatizo la bega: ishara zikashushwa chini, zikalazwa. Mkono umestarehe mezani, vidole vinapangusa. Vitatu vikipanda pamoja, kwenye mashine nyingi madirisha yote yaliyofunguliwa yanatandazwa mbele yako kama karata. Vikienda kando unahama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Baada ya wiki mbili hufikirii tena, na hapo ndipo raha yake inapoanza, kwa sababu unaacha kuiambia mashine na unakuwa unapanga tu vitu vyako. Hata hivyo padi ile ni mwakilishi. Jicho bado liko juu na mkono uko chini. Shangazi angeipapasa padi na bado angetaka kumgusa mama yake.

Kuna jambo moja dogo la tachipadi ambalo nimelifikiria kuliko ukubwa wake. Zamani, kwenye kompyuta, ukitaka kusoma chini ya ukurasa ulivuta upau wa pembeni kwenda chini, na maandishi yakapanda juu. Mkono na maandishi vilikwenda njia mbili tofauti, na hakuna aliyelalamika. Simu zikaja na kinyume chake: unasukuma maandishi yenyewe juu, kama unavyosukuma kitambaa. Julai 2011 Apple wakaigeuza kompyuta ifuate simu, katika toleo la mfumo wao lililoitwa Lion, na wakaiita njia hiyo ya asili. Watu wengi walikasirika siku ile. Vidole vilikwenda chini na ukurasa ukashuka, na wakahisi mashine imeharibika.

Asili ni ipi, lakini? Ukiwa ndani ya basi la Dar kwenda Tanga, mtoto aliye mapajani mwako atakuambia minazi inakimbia kurudi nyuma. Mtu mzima atasema sisi ndio tunaokwenda. Wote wawili wanaona dirisha moja. Upau wa zamani ulikuwa wa mtu mzima: maandishi yamekaa mahali pake, ni wewe na dirisha lako mnaosafiri juu yake. Kidole ni cha mtoto: mimi nipo hapa, na dunia inasogea nikiisukuma. Sidhani mmoja wao anakosea. Ila nimegundua kwamba tangu nihamie upande wa mtoto nasoma kwa kasi zaidi na nakumbuka kidogo zaidi mahali nilipoona kitu. Zamani nilijua kwamba sentensi fulani iko katikati ya hati, karibu na chini. Siku hizi sentensi zinapita mbele yangu kama minazi.

Ishara zina udhaifu mwingine, mkubwa, na huu uliwahi kuwaaibisha watu niliofanya nao kazi. Oktoba 2012 Microsoft walitoa Windows 8, wakaijenga juu ya kidole. Kitufe cha kuanzia, ambacho watu walikijua tangu 1995, kikaondolewa. Vitu vya msingi vikafichwa kwenye kingo za kioo: pangusa kutoka ukingo wa kulia ndipo menyu itokee, shika programu juu kabisa uivute mpaka chini ndipo ifungwe. Katika ofisi niliyokuwa nikihariri, mashine mpya zikaja na mfumo huo, lakini vioo vyake havikuwa vya kugusa. Katibu muhtasi wetu, mama aliyekuwa akipiga chapa tangu enzi za mashine za riboni na aliyeweza kuandika barua nzima bila kuangalia vidole, alikaa mbele ya kompyuta jioni ya siku ya kwanza asijue namna ya kuizima. Hapakuwa na kitufe, wala mshale, wala neno. Alibonyeza swichi ya umeme kwa nguvu mpaka mwanga ukafa, na akafanya hivyo kila jioni kwa muda wa wiki nzima kabla mtu hajamwona. Alidhani ni yeye aliyepungukiwa. Mwaka uliofuata toleo la 8.1 likakirudisha kitufe mahali pake, lakini kwa wakati huo mama yule alikuwa ameshajiambia kwamba kompyuta ni za vijana.

Kitufe kinajionyesha. Hata usipojua kazi yake unajua kipo, na unaweza kukijaribu. Ishara haionekani popote mpaka itendwe. Donald Norman na Jakob Nielsen, ambao wametumia maisha yao kuangalia jinsi watu wanavyotumia vifaa, waliandika onyo juu ya hili mwaka 2010, kabla ya Windows 8. Sina la kuongeza kwenye hoja yao isipokuwa hili: kitu kisichoandikwa popote hujifunzwa kwa kuonyeshana. Ngoma hujifunzwa hivyo, na kusuka nywele, na kusokota chapati. Mwalimu wa chuo aliufunika mkono wangu kwa wake, kalamu ikiwa katikati, akaukokota kutoka kulia kwenda kushoto mpaka bee ikatoka. Sikumbuki alisema nini. Nakumbuka uzito wa mkono.

Ishara za kioo nazo zinasafiri hivyohivyo. Mwaka 2022, wakati wa sensa ya Tanzania, makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na baada ya sensa vishikwambi vile vikagawiwa kwa walimu. Nilikaa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi akijifunza chake kwa mwenzake, kwenye benchi, chini ya mwembe. Hawakuwa na kitabu cha maelekezo. Aliyejua alimshika mwenzake kidole cha shahada, akakipitisha. Kisha akakiachia, akasema, “Haya, wewe.” Katibu muhtasi wetu alihitaji mtu wa namna hiyo, na ofisi nzima, mimi nikiwamo, tulikuwa na haraka.

Nilirudi Tanga baada ya miaka mitano. Nilikuwa na laptopu nyingine, ya mtumba, ambayo kioo chake kinaguswa na bawaba zake zinazunguka mpaka mashine nzima inalala chali. Sikuinunua kwa sababu ya Shangazi, lakini nilipoiona dukani jinsi inavyolala, yeye ndiye niliyemkumbuka.

Nikaamkia, nikaitikiwa, nikakaa. Nikailaza juu ya meza ya cherehani, bapa kabisa, pale ambapo vitambaa vilikuwa vikipita, nikaifungua ile picha. Sikumwambia kitu. Akavaa miwani, akainama, na nikaona kwamba anainama vilevile kama alivyoinamia kazi yake siku zote, viwiko vimeegemea meza, mabega yametulia. Mkono ulibaki chini ya kanga kwa muda.

“Hii nayo vipi?” akauliza.

“Hii inapanguswa, Shangazi.”

Akaweka vidole viwili juu ya pindo la kanga, akavitanua. Picha haikusogea. Nikaona uso wake unaanza kufunga, na mimi mwenyewe nikashikwa na hofu, mpaka nilipoviangalia vile vidole. Ncha za kidole gumba na cha shahada zilikuwa zimekakamaa kwa miaka ya sindano, ngozi ngumu na kavu kama kwato. Kioo cha namna hii hakihisi msukumo. Kina utando mwembamba unaopitisha nuru na umeme, na kidole kikikaribia, mwili wa mtu unauvuta ule umeme kidogo. Mashine inapima kilichopungua, na hapo ndipo inapojua umegusa. Ngozi kavu na nene inavuta kidogo mno. Kazi ile iliyompa mkono wake elimu ndiyo iliyomfanya asisikike.

Nilikuwa nafungua kinywa nimwambie atumie mkono wa kushoto. Hakuningoja. Alipeleka ncha za vidole mdomoni, akazilowesha kidogo, kama alivyozilowesha maelfu ya mara kabla ya kutunga uzi, akazirudisha kwenye kioo.

Kanga ikafunguka. Akatanua tena, ikakua, mpaka pindo likawa pana kuliko kiganja chake. Herufi zikaonekana, nne, halafu ya tano nusu, na zilizobaki zilikuwa zimeingia ndani ya mkunjo pale bibi alipoishika kanga kwa ndani. Shangazi akaifuata mikunjo kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, akiisogeza picha taratibu, kama mtu anayetafuta mshono ulioachia.

“Jina amelikunja ndani,” akasema. “Alikuwa na mazoea hayo.”

Hakusikitika. Akaivuta picha juu, ukapita mkono wa bibi, ukapita ukingo wa kanga, mpaka akafika kwa mtoto aliyesimama ubavuni. Akatanua tena. Picha ilikuwa imeanza kumomonyoka kuwa viraba, lakini ngumi ndogo ilionekana bado, imeushika upindo wa kanga na kuukaza.

Akazilowesha tena ncha za vidole.